Pemutesheni, kombinesheni au hatua kwa hatua? Njia ya kuchagua unapokokotoa uwezekano wa watu kukaa kwa nasibu

Watu wanane wanagawiwa viti vinane kwa kura, viti vyote vikiwa kwenye mstari mmoja. Kuna uwezekano gani kwamba A na B watakaa jirani?

Swali hili lina njia tatu za heshima na zote zinafika kwenye 1/4. Ndiyo maana wengi huishikilia ile waliyofundishwa kwanza, yaani pemutesheni, wakaenda nayo hadi mwisho wa silabasi. Tatizo huanza swali likibadilika neno moja tu: "jirani" likawa "wasiwe jirani", mstari ukawa meza ya duara, watu wawili wakawa jozi nne za wanandoa. Hapo njia moja inageuka kurasa mbili za hesabu huku nyingine ikibaki mstari mmoja. Tuziweke bega kwa bega tuone ipi inafaa wapi. Msimamo wangu nautoa mapema: kabla ya kushika kalamu, hesabu swali limetaja watu wangapi. Hao ndio wa kushughulika nao. Waliobaki mara nyingi ni kelele.

Swali moja, njia tatu

Kwa pemutesheni unahesabu kila namna ambayo watu wote wanane wanaweza kukaa. Kiti cha kwanza kina chaguo 8, cha pili 7, na kuendelea hadi 1. Zidisha zote upate 8! (fakitoria ya 8), yaani 40,320. Hiyo ndiyo asili, namba ya chini ya sehemu yako. Kisha unawafunga A na B wawe kitu kimoja. Sasa unapanga vitu 7, vinavyopangika kwa namna 7! = 5,040, na ndani ya ule mfungo A anaweza kuwa kushoto au kulia, kwa hiyo unazidisha kwa 2 na kupata 10,080.

10,080 ÷ 40,320 = 1/4

Kwa kombinesheni, wale sita wengine huwajali hata kidogo. Unauliza tu: A na B wameangukia jozi ipi ya viti? Viti 8 vinatoa jozi 28. Jozi za viti jirani ni 7: cha 1 na cha 2, cha 2 na cha 3, hadi cha 7 na cha 8.

7 ÷ 28 = 1/4

Kwa hatua kwa hatua unamkalisha A kwanza, halafu unaangalia B amebakiwa na nini. A akiangukia kiti cha mwisho wa mstari, upande wowote (uwezekano 2/8), kati ya viti 7 vilivyobaki kimoja tu ni jirani yake. Akiangukia kiti cha ndani (6/8), viko viwili.

2/8 × 1/7 + 6/8 × 2/7 = 2/56 + 12/56 = 14/56 = 1/4

Ukiweka n mahali pa 8, njia zote zinakupa 2/n. Jibu fupi kiasi cha kukera, ukikumbuka ulivyozidisha hadi 40,320.

Sasa badilisha kidogo: viti vimebaki 8, lakini watu ni 5 tu, na viti 3 vitakuwa wazi. Wa pemutesheni anaanza upya. Asili ni 8 × 7 × 6 × 5 × 4 = 6,720. Kiasi, namba ya juu, ni jozi 7 za viti jirani, mara 2 kwa kushoto na kulia, mara 6 × 5 × 4 = 120 kwa watu watatu waliobaki, jumla 1,680. Anagawanya, anapata 1/4. Wa kombinesheni hajainua hata kalamu: viti vya A na B bado ni jozi moja kati ya 28, na 7 bado ndizo jirani. Wawepo watu wengine sita, watatu au asiwepo hata mmoja, jibu halitikisiki. Hii ndiyo kelele niliyoisema.

Kila njia inateleza mahali pake

Ukitaka kuchagua njia, usiangalie ufupi peke yake. Angalia pia ni kosa gani unaloelekea kulifanya.

Kwenye pemutesheni kosa kubwa ni kusahau ile "mara 2" ya ndani ya mfungo. Ukisahau unapata 1/8, nusu ya jibu, na namba yenyewe haina dalili yoyote ya kukushtua. Kwa watu watatu waliofungwa pamoja unatakiwa kuzidisha kwa 3! = 6, kwa wanne 24, na ukisahau hapo umepotea mbali zaidi.

Kwenye hatua kwa hatua watu husahau viti vya mwisho. Wanasema: "A akishakaa, B ana viti viwili vizuri kati ya saba, basi 2/7." Hilo lingekuwa sahihi kama kila kiti kingekuwa na majirani wawili, na kwenye mstari viti viwili havina.

Kwenye kombinesheni kosa ni kuchanganya lugha mbili katika sehemu moja. Mtu anahesabu chini jozi 28 bila kujali nani yuko wapi, halafu juu anakumbuka kwamba A anaweza kuwa kushoto au kulia, anaandika 14. Anapata 14/28 = 1/2. Kama mfuatano unahesabiwa juu, uhesabiwe na chini. Kama umeupuuza chini, upuuze na juu. Makosa mengi ninayoyaona kwenye mada hii ni ya aina hii moja tu, ingawa huja na sura tofauti.

Kuna anayeuliza kama ni halali kweli kuwatupa watu sita namna ile. Ni halali, na sababu yake inahesabika. Kila jozi ya viti inatokana na mipangilio kamili 2! × 6! = 1,440, si zaidi wala si pungufu, na 28 × 1,440 ni 40,320 ileile. Kwa kuwa kila jozi imebeba idadi sawa ya mipangilio, jozi zote 28 zina uwezekano sawa. Sharti ni hilo la usawa, na litatusumbua tukifika kwenye ndege.

Mstari na duara

Meza ya duara ina sifa ya kutisha wanafunzi, na sidhani kama inastahili. Kinachowachanganya ni lile agizo la kutumia (n − 1)! badala ya n!, kwa sababu kuizungusha meza hakubadilishi nani ni jirani wa nani. Kwa watu 8 asili inakuwa 7! = 5,040. Ukiwafunga A na B unabaki na vitu 7 kwenye duara, yaani 6! = 720, mara 2 ni 1,440. 1,440 ÷ 5,040 = 2/7.

Lakini kwa kuwa tunatafuta uwezekano, na si idadi, hakuna anayekulazimisha kugawanya kwa mizunguko. Ukiviona viti vina namba, asili ni 40,320 na kiasi ni 11,520, yaani jozi 8 za viti jirani mara 2 mara 720. Jibu ni 2/7 vilevile. Tumia 7! juu na chini, au 8! juu na chini; balaa ni kuchanganya.

Na hapa hatua kwa hatua inazishinda zote mbili bila jasho. Mkalishe A popote. Viti vimebaki 7, viwili ni jirani zake, basi: 2/7. Kwa watu n ni 2/(n − 1). Duara halina viti vya mwisho, kwa hiyo ile hatari tuliyoiona kwenye mstari imeondoka yenyewe. Ukiona neno "duara" kwenye swali linalohusu watu wawili, usifikirie fakitoria yoyote.

Tahadhari moja kwa wanaopenda kujaribu fomula kwenye namba ndogo. Kwa watu 3 inatoa 2/2 = 1, ambayo ni kweli, maana mezani watatu wote ni majirani. Kwa watu 2 inatoa 2, uwezekano unaozidi hakika! Fomula haijaharibika, ila jirani wa kushoto na wa kulia wamekuwa mtu mmoja na umemhesabu mara mbili.

Pemutesheni inapostahili kushika usukani

Nisieleweke kwamba naipinga pemutesheni. Swali linapojali nani hasa yuko wapi, na si viti gani vimekaliwa na kundi, kombinesheni haina la kusema. Ila hata hapo mara nyingi inatosha pemutesheni ndogo.

Watu kumi kwenye mstari: kuna uwezekano gani kwamba A atakuwa mahali fulani katikati ya B na C, si lazima wagusane? Ukianza na 10! = 3,628,800 utalazimika kujumlisha kwa kila nafasi ya A. Wapuuze wale saba. Tembea kutoka kushoto kwenda kulia ukiandika tu herufi A, B na C unavyokutana nazo. Kuna mifuatano 6, yote ina uwezekano sawa, na A yuko katikati kwenye miwili: BAC na CAB. Jibu ni 1/3, wawe watu kumi au mia tatu. Kwa njia hiyohiyo, uwezekano wa watu watano kukaa kwa mfuatano wa urefu wao, mfupi kushoto kabisa kati ya hao watano, ni 1/5! = 1/120, hata wakiwa wametawanyika katikati ya umati.

Makundi nayo. Watu wa makundi matatu, yenye watu 3, 3 na 2, wanakaa mstari mmoja kwa kura. Uwezekano wa kila kundi kukaa pamoja? Pemutesheni kamili: panga makundi 3!, kisha ndani ya makundi 3!, 3! na 2!, jumla 432. Gawanya kwa 40,320 upate 3/280, kama 0.011. Ukitaka wepesi, mpe kila mtu rangi ya kundi lake usahau jina lake. Mistari ya rangi inayowezekana ni 8! ÷ (3! × 3! × 2!) = 560, na yenye makundi yaliyoshikamana ni 6. Hapa naona zinatoshana, na kwa anayeanza ningemshauri ile ndefu, kwa sababu kila kizidishi chake kina maelezo yanayoonekana kwa macho.

Wanaume wanne na wanawake wanne wakikaa kwa kupokezana? Rangi tena: mistari ya rangi mbili ni 70, inayopokezana ni 2, jibu 1/35.

Neno "wasiwe" hubadilisha kila kitu

Watu watatu, A, B na C, katika mstari wa watu wanane. Uwezekano kwamba hakuna hata wawili kati yao walio jirani?

Hatua kwa hatua, iliyotamba mezani, hapa inazama. A akikaa mwisho wa mstari, B amebakiwa na viti 6 vinavyokubalika; akikaa ndani, ana 5. Halafu viti vya C vinategemea B amekaa karibu kiasi gani na A, maana wakiachana kiti kimoja tu, kiti hicho kimezuiwa na pande zote mbili, na ukihesabu vilivyozuiwa utakihesabu mara mbili. Inawezekana kumaliza, lakini utakuwa na matawi mengi na imani kidogo.

Mwingine anasema atumie tukio kinyume: tafuta uwezekano wa wote watatu kukaa pamoja, toa kwenye 1. Hapana. Kinyume cha "hakuna walio jirani" ni "angalau wawili ni jirani", na hao si lazima wawe watatu walioshikana. Tukihesabu kwa viti, seti za viti vitatu katika 8 ni 56. Zilizoshikana zote tatu ni 6. Zilizoachana kabisa ni 20. Zilizobaki, 30, ni zile ambazo wawili wameshikana na wa tatu yuko pembeni, na ndilo kundi kubwa kuliko yote. Anayetoa 6/56 kutoka kwenye 1 anapata 50/56 badala ya 20/56.

Hiyo 20 imetoka wapi? Hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote kwenye mada nzima. Wakalishe kwanza wale watano wasiohusika. Kati yao na pembeni mwao kuna mapengo 6. Chomeka A, B na C kwenye mapengo, kila pengo mtu mmoja tu, na hawawezi kugusana hata wakitaka. Kuchagua mapengo 3 kati ya 6 kuna namna 20. Jibu: 20/56 = 5/14, kama 0.357. Mpenzi wa pemutesheni anaandika 5! × 6 × 5 × 4 = 14,400 juu ya 40,320 na anafika palepale.

Wanandoa, mahali ambapo kujumlisha kunadanganya

Jozi nne za wanandoa, viti nane kwenye mstari, kura. Uwezekano kwamba hakuna mume aliyekaa jirani na mkewe?

Tunajua kwamba jozi moja ina uwezekano 1/4 wa kuwa jirani. Ziko nne. Anayejumlisha anapata 4 × 1/4 = 1, yaani lazima angalau jozi moja ikae pamoja. Mtu yeyote anaweza kuchora mpangilio wa kumpinga ndani ya nusu dakika. Na si sadfa ya namba nne: kwa jozi k kuna viti 2k, kila jozi ina 2/(2k), na jumla ni 1 daima. Hiyo 1 ina maana yake halali, ni wastani wa idadi ya jozi zitakazokaa pamoja. Wastani si uwezekano.

Kujumlisha kumehesabu mara mbili mipangilio yenye jozi mbili pamoja, mara tatu yenye jozi tatu, na kuendelea. Dawa ni kutoa na kurudisha kwa zamu. Unatoa mipangilio ambayo jozi moja imefungwa: 4 × 2 × 7! = 40,320. Unarudisha yenye jozi mbili: 6 × 4 × 6! = 17,280. Unatoa yenye jozi tatu: 4 × 8 × 5! = 3,840. Unarudisha yenye jozi zote nne: 16 × 4! = 384.

40,320 − 40,320 + 17,280 − 3,840 + 384 = 13,824

Gawanya kwa 40,320: 12/35, kama 0.343. Kwa jozi tano inakuwa 0.348, na jozi zikizidi inasogea kwenye 1/e (e ni ile namba ya kihisabati ya karibu 2.718), yaani 0.368. Hapa ndipo pemutesheni inapolipa gharama yake. Mfungo wa jozi unaandikika moja kwa moja kama fakitoria, na hakuna njia nyingine kati ya zile tatu inayokaribia kwa unyofu.

Swali la jamaa yake ni hili: kila mtu ana kiti chake chenye jina, kisha wote wanakaa kwa kura, uwezekano kwamba hakuna hata mmoja aliyepata kiti chake? Pierre Rémond de Montmort alilichapisha mwaka 1708 likiwa na sura ya mchezo wa karata. Kwa watu 8 mipangilio ya namna hiyo ni 14,833, uwezekano 0.3679. Kwa watu 5 ni 44 kati ya 120, yaani 0.3667. Unaweza kuongeza watu hadi elfu na namba haitabadilika kwa maana yoyote, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walikokotoe.

Ukichanganya yote, meza ya duara, wanaume na wanawake kwa kupokezana na hakuna wanandoa walio jirani, unapata tatizo aliloliuliza Mfaransa Édouard Lucas mwaka 1891. Jacques Touchard alitoa fomula yake mwaka 1934. Kilichofanya lisumbue muda wote huo kilikuwa zaidi ni desturi ya kuwakalisha wanawake kwanza, halafu kuhesabu wanaume wanavyoweza kuingia katikati. Mwaka 1986 Kenneth Bogart na Peter Doyle walionyesha kwamba ukiacha kumkalisha mtu yeyote kwanza, ukatumia kutoa na kurudisha juu ya jozi zenyewe, ugumu unayeyuka. Kwa jozi nne, mezani pa viti vyenye namba, mipangilio inayokubalika ni 96 kati ya 40,320, yaani 1/420.

Pale ambapo mipangilio haina uwezekano sawa

Ndege ina viti 100 na abiria 100. Wa kwanza kuingia amepoteza kadi yake, anakaa popote kwa nasibu. Kila anayefuata anakaa kwenye kiti chake kikiwa wazi. Kikiwa kimekaliwa, anachagua kingine kwa nasibu. Uwezekano kwamba abiria wa mwisho atapata kiti chake?

Kwa mazoea unaandika 100! chini, unaanza kutafuta cha kuweka juu. Umeshakosea, hata kabla ya kupata namba. Jaribu kwa abiria watatu. Wa kwanza akipata kiti chake (1/3), wote wako sawa. Akichukua cha tatu (1/3), wa pili anakaa chake na wa mwisho amekikosa. Akichukua cha pili (1/3), wa pili anachagua kati ya cha kwanza na cha tatu, nusu kwa nusu. Mipangilio inayoweza kutokea ni minne tu kati ya 6, miwili ina uwezekano 1/3 na miwili 1/6. Pemutesheni ingekupa 1/3 kwa abiria wa mwisho, kama vile wote wamepiga kura. Jibu la kweli ni 1/3 + 1/6 = 1/2.

Na ni 1/2 hata kwa abiria 100. Kila anayelazimika kuchagua anaweza kumaliza mchezo kwa kugusa kiti cha wa kwanza, na hapo wa mwisho amepona, au kiti cha wa mwisho, na hapo amekikosa. Vyote viwili vina nafasi sawa kila mara. Viti vingine vinaahirisha tu. Hapa hatua kwa hatua haina mpinzani, na dalili ya kuitumia ni kwamba swali linaeleza watu wanavyoingia mmoja baada ya mwingine wakifuata kanuni. Kura ya wote kwa pamoja: hesabu mipangilio. Kanuni ya kuingia: fuata hatua.

Kumwachia kompyuta

Kuorodhesha yote ni njia halali ambayo haisemwi sana. Kwa watu 8, mipangilio 40,320 inapitiwa kufumba na kufumbua. Kwa watu 10 ni milioni 3.6, bado rahisi. Kwa 12 ni 479,001,600, uwe na subira. Kwa 15 ni zaidi ya trilioni 1.3, sahau.

Kuiga kwa nasibu, yaani kuchanganya watu mara nyingi na kuhesabu, hakuna kikomo hicho, lakini usahihi wake unapanda polepole. Kwa tukio lenye uwezekano wa kama 1/3, marudio 10,000 yanakupa kosa la kawaida (standard error, kipimo cha jinsi makadirio yanavyoyumba) la karibu 0.005, na ukitaka kulipunguza kwa nusu unahitaji marudio mara nne. Kwa lile la 1/420, marudio 10,000 yatakuletea kama matukio 24 tu, namba dhaifu ya kutegemea. Mimi hutumia uigaji kukagua jibu la kalamu, na mara chache sana badala yake.

Pia angalia unavyochanganya. Kuna programu nyingi za wanaoanza zinazobadilishana kila nafasi na nafasi yoyote kati ya zote n. Inaonekana haki, kumbe si haki. Kwa watu 3 njia za kuchanganya ni 27, mifuatano ni 6, na 27 haigawanyiki kwa 6. Mitatu inapata 4/27 na mitatu 5/27. Njia sahihi ni ya R. A. Fisher na Frank Yates ya mwaka 1938, ambayo Richard Durstenfeld aliiwekea sura ya kompyuta mwaka 1964: kila ukitoka kwenye nafasi moja, unachagua kati ya zilizobaki tu.

Na vikokotoo. Vingi vya kisayansi vinafika 69!, kama 1.7 × 10⁹⁸, na kwenye 70! vinaonyesha kosa. FACT, amri ya fakitoria kwenye lahajedwali, inakomea 170. Kwa hiyo mwenye watu 80 anayeng'ang'ania fakitoria kamili atakwama kwenye swali ambalo jibu lake ni 2/80. Futa fakitoria kwa mkono kwanza, au bonyeza kitufe cha nPr (pemutesheni) au nCr (kombinesheni), ambavyo havihitaji fakitoria kamili. Kwenye lugha ya programu ya Python kuna math.perm na math.comb tangu toleo la 3.8.

Njia yoyote utakayoichagua, ijaribu kwa watu watatu kabla ya kuiamini kwa ishirini. Mifuatano ni 6: ABC, ACB, BAC, BCA, CAB, CBA. A na B hawagusani pale tu C anapokaa katikati, ACB na BCA. Wanagusana kwenye minne, 4/6, na 2/n kwa n = 3 ni 2/3. Kama njia yako imekupa 1/3 hapo, umesahau kuzidisha kwa 2. Kama imekupa 1, umehesabu mstari kana kwamba ni duara.